Fuata Udongo: Mwongozo Kamili wa Durga Puja ya Kolkata

Mtu akifika Kolkata, mji wa India, wiki ya Durga Puja, sikukuu ya Wahindu ya kumwabudu mungu wa kike Durga, bila kujua chochote, ataona taa, foleni na umati usiopungua mpaka saa tisa za usiku. Atapiga picha mia mbili, kisha atarudi alikofikia miguu ikimuwaka moto. Kuona ataona, ila ni sawa na kuingia kwenye harusi, ukala pilau ukashiba, ukaondoka bila kujua bibi harusi ni nani. Mwaka wangu wa kwanza ndivyo nilivyofanya. Mwaka wa pili nilianzia mtaa wa wafinyanzi, wiki tano kabla ya sikukuu, nikaifuata sanamu moja tangu ilipokuwa fungu la nyasi kavu mpaka ilipozama mtoni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunikalia. Mwongozo huu unapita njia hiyohiyo.

Neno moja kabla hatujaanza. Kwetu tumezoea kumwita "Mhindi" kila mwenye asili ya India, lakini Mhindu ni mfuasi wa dini, na Wahindi wengi si Wahindu. Tena Wahindu wenyewe hawaabudu kwa namna moja. Kama umekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, huenda umewahi kusikia Wagujarati wakisherehekea Navaratri, yaani mikesha tisa ya kucheza garba kwa kuzunguka chungu chenye matundu na taa ndani yake. Kalenda ni hiyohiyo, na anayetukuzwa ni mungu yuleyule wa kike kwa sura nyingine. Wabengali wa Kolkata, watu wa Bengal huko mashariki mwa India, wana namna yao, na ndiyo tunayoifuata hapa.

Hatua ya kwanza: mjue anayekuja

Usiende kumtazama Durga kabla ya kuijua hadithi yake, kwa sababu sanamu yenyewe ni hadithi iliyogandishwa katikati ya tendo.

Masimulizi yake makuu yamo katika Devi Mahatmya, utenzi wa Kisanskriti wa sura 13 ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa na beti 700, na ambao ni sehemu ya kitabu kikubwa kiitwacho Markandeya Purana. Unaanza na watu wawili walioumizwa. Mfalme Suratha amenyang'anywa ufalme, na mfanyabiashara Samadhi amefukuzwa na mkewe na wanawe kwa tamaa ya mali. Wanakutana msituni, na kila mmoja anamshangaa mwenzake: mbona bado tunawawaza waliotutupa? Wanampelekea swali hilo mwenye hekima aitwaye Medhas, naye anawajibu kwa kuwasimulia habari za mungu wa kike ambaye ndiye nguvu inayoufunga moyo wa binadamu, na ndiye anayeufungua.

Kisa kinachokuhusu zaidi ni cha Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati. Katika masimulizi mengi alikuwa amejipatia kinga kutoka kwa mungu Brahma kwamba hakuna mwanamume atakayemuua. Mwanamke hakumtaja, maana hakuona tishio lolote upande huo. Akawafukuza miungu mbinguni. Miungu walipokusanyika, ghadhabu yao ikatoka kama miali ya moto, miali ikaungana, na katikati yake akasimama mwanamke. Kila mmoja akampa silaha: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali, Varuna kombe la baharini la kupuliza, Vayu upinde na mishale, Indra radi. Himalaya, yaani mlima wenyewe, akampa simba wa kupanda.

Vita vilikuwa vikali. Jitu likabadilika kuwa simba, likawa mtu mwenye upanga, likawa tembo, likarudi kuwa nyati. Mwishoni Durga akaruka, akalikanyaga shingoni na kulichoma mkuki. Jitu likajaribu kuchomoka mdomoni mwa nyati kwa umbo la mtu, likafika nusu, na hapo akalikata kichwa. Ukitazama sanamu yoyote ya Kolkata utaiona nusu hiyo: mwanamume mwenye misuli akitoka kwenye mzoga wa nyati, simba akimtafuna, mkuki kifuani.

Sasa tazama uso wa Durga. Hana hasira. Macho ni marefu na yametulia, kana kwamba anawaza jambo la nyumbani. Pembeni wamesimama wanne wasiohusika kabisa na vita: Lakshmi na bundi wake, Saraswati na batamaji, Kartik na tausi, Ganesh mwenye kichwa cha tembo na panya wake. Kwa Wabengali hao ni watoto wake, na hapa ndipo hadithi ya pili inapoingia. Bila hiyo hutaelewa kwa nini watu wanalia siku ya mwisho.

Durga huyuhuyu ni Uma, binti wa Himalaya na Menaka, aliyeolewa mbali na Shiva, bwana asiye na mali, anayejipaka majivu ya mahali pa kuchomea maiti. Menaka anakonda kwa kumuwaza mwanawe. Mara moja kwa mwaka binti anaruhusiwa kuja kwao na watoto, siku chache tu, kisha anarudi kwa mumewe mlimani Kailash. Bengal ina nyimbo za kumpokea, agamani, na nyimbo za kumuaga, vijaya. Kwa hiyo kinachosherehekewa mtaani ni ushindi wa shujaa na likizo ya binti aliyeolewa mbali, vyote kwa mpigo. Maoni yangu ni kwamba hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi mioyoni mwa watu, ingawa vitabu vingi vya watalii hulitaja kwa mstari mmoja.

Jambo la mwisho kuhusu Devi Mahatmya: mfalme na mfanyabiashara walipokwisha kusikia visa hivyo walikwenda ukingoni mwa mto, wakafinyanga sanamu ya mungu huyo kwa udongo, wakaiabudu miaka mitatu mpaka akawatokea. Mfalme akaomba ufalme wake. Mfanyabiashara, aliyekuwa amechoka na mali, akaomba maarifa. Ukumbuke udongo huo wa mtoni.

Hatua ya pili: pata tarehe, usikisie

Durga Puja huangukia mwezi wa Ashwin wa kalenda ya Kihindu, kati ya mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kalenda hiyo inafuata mwezi kama ya Kiislamu, ila Wahindu huongeza mwezi mzima takriban kila mwaka wa tatu, ndiyo maana sikukuu haizunguki mwaka mzima bali hubaki kwenye msimu wake. Mwaka 2025, kwa mfano, Mahalaya, siku ya kuufungua msimu, ilikuwa 21 Septemba, na siku tano kuu zilikwenda kuanzia 28 Septemba hadi 2 Oktoba. Tafuta tarehe za mwaka wako kwenye kalenda ya Kibengali, kwani mikoa mingine ya India huweza kupishana nayo kwa siku moja.

Msimu wenyewe una hadithi. Zamani ibada hii ilikuwa ya majira ya machipuko, na mpaka leo wapo wanaoifanya wakati huo kwa jina la Basanti Puja. Iliyohamia vuli huitwa akal bodhan, yaani kuamshwa wakati usio wake. Katika Ramayana ya Kibengali ya Krittibas, mshairi wa karne ya 15, Rama, shujaa wa utenzi huo, anamwamsha Durga kabla ya kupigana na jitu Ravana. Anaahidi kutoa mayungiyungi 108 ya buluu, lakini anapoyahesabu anakuta moja limepungua. Kwa kuwa macho ya Rama hufananishwa na yungiyungi la buluu, anachukua mshale ili alitoe jicho lake lijazie. Durga anamzuia mkono. Ishike namba 108, utakutana nayo tena.

Mambo ya safari nayapitia haraka. Weka nafasi ya chumba miezi kadhaa kabla. Beba viatu vya kuvua upesi, visivyo vya kamba, visivyo vya bei. Mimi yangu mapya niliyaacha mlangoni na sikuyaona tena. Mvua inaweza kunyesha, kwa hiyo uwe na mwavuli mdogo. Tembea kwa metro, kwani magari huwa hayasogei, na siku hizo treni huendelea mpaka usiku mwingi.

Hatua ya tatu: nenda Kumartuli mapema

Ukiweza kufika Kolkata wiki tatu au nne kabla, hii ndiyo siku bora ya safari yako yote. Shuka kituo cha metro cha Sovabazar Sutanuti, kaskazini mwa mji, utembee kuelekea mtoni. Kumartuli ni mtaa wa wafinyanzi, wengi wao wa ukoo wa jina la Pal, ambao wazee wao walitoka Krishnanagar. Vichochoro ni vyembamba, na kila kibanda kimejaa miungu isiyo na vichwa.

Kazi huenda hivi. Kwanza fremu ya mianzi na mbao, ambayo kwa desturi huanza kwa ibada ndogo siku ya Rath Yatra, sikukuu nyingine ya Wahindu, miezi kadhaa nyuma. Juu yake hufungwa nyasi za mpunga kwa uzi wa juti mpaka lipatikane umbo la mwili: kiuno, mapaja, shingo. Kisha unakuja udongo uliofika kwa mashua kupitia mto Hooghly, ambao ni mkono wa Ganges. Tabaka la kwanza ni zito, limechanganywa na makapi ya mpunga ili lisipasuke. La pili ni laini. Kichwa hutoka kwenye kalibu, vidole hufinyangwa kimoja kimoja, na penye ufa hubandikwa kitambaa kilicholowekwa kwenye udongo mwepesi. Likikauka hupakwa rangi nyeupe ya chini, halafu rangi yenyewe. Nywele ni za juti. Mapambo meupe unayodhani ni pembe ya ndovu ni shola, kiini cha mmea wa majini, chepesi kama povu. Yale ya bati la fedha huitwa daker saaj, yaani mapambo ya posta, kwa kuwa zamani bati hilo liliagizwa kutoka Ujerumani likaletwa kwa posta.

Kuna udongo mwingine ambao hautoki mtoni. Desturi inataka kidogo tu, konzi moja, utoke ua wa nyumba ya wanawake wanaouza miili yao, na kuhani auombe kwa heshima. Maelezo ni mengi. Wapo wanaosema mwanamume akiingia mlango ule huiacha fadhila yake nje, ndiyo maana vumbi la pale limejaa baraka. Wapo wanaosema mungu mama hakamiliki akimwacha binti mmoja nyuma. Wanawake wenyewe wana lao la kusema: mnauheshimu udongo wetu, sisi je? Baadhi wamekataa kuutoa, na mwaka 2013 wale wa mtaa wa Sonagachi walifanya Puja yao wenyewe baada ya kulipeleka suala hilo mahakamani. Ukipita mtaa huo usiinue kamera.

Kumartuli nako kuna adabu zake. Omba kabla ya kupiga picha, na ukiambiwa ulipe kidogo, lipa. Hawa wana tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Usiguse sanamu hata ikionekana kavu. Usisimame katikati ya kichochoro, maana wabebaji hawana breki.

Hatua ya nne: amka alfajiri ya Mahalaya

Mahalaya ni siku ya mwezi mwandamo, takriban wiki moja kabla ya siku kuu. Saa kumi za usiku wa manane kuelekea alfajiri, redio zinafunguliwa. Tangu miaka ya 1930 redio ya taifa imekuwa ikirusha saa hiyo kipindi cha beti na nyimbo za Durga kwa sauti ya Birendra Krishna Bhadra. Mwaka 1976 wakubwa wa redio walimweka mahali pake nyota wa sinema aliyependwa kuliko wote, Uttam Kumar, na wananchi wakaja juu mpaka Bhadra akarudishwa. Ameshafariki, na bado ndiye anayewaamsha. Mwombe mwenyeji wako akufungulie redio, hata kama huelewi neno.

Kukipambazuka teremka kwenye ngazi za mto. Wanaume wamesimama majini mpaka kiunoni wakiwamwagia maji na ufuta wazee wao waliokufa. Hiyo ni tarpan, na si maonyesho, kwa hiyo kaa juu ya ngazi na kamera mfukoni. Siku hiyo pia, kwa mapokeo, mfinyanzi humchora Durga macho. Hufanya peke yake, kwa utulivu, mara nyingi akiwa amefunga kula. Kabla ya hapo lilikuwa umbo, baada ya hapo linakutazama.

Hatua ya tano: chagua pa kwenda

Puja ni za aina mbili, na inafaa uonje zote.

Ya kwanza ni ya nyumba za kale za matajiri. Ya Sovabazar ilianzishwa na Nabakrishna Deb mwaka 1757, mara baada ya vita vya Plassey ambavyo viliwapa Waingereza Bengal, na inasimuliwa kwamba Robert Clive mwenyewe, aliyewaongoza Waingereza vitani humo, alialikwa. Yaani mungu mshindi wa majitu alifanyiwa karamu ya kumpendeza mkoloni. Wabengali wenyewe huicheka habari hii. Katika nyumba hizi sanamu hukaa ukumbi wa matao ulio mbele ya ua, taratibu ni za kizamani, na wageni huruhusiwa saa fulani. Ingia kama unavyoingia nyumbani kwa watu.

Ya pili ni ya umma. Inasimuliwa kwamba katika kijiji cha Guptipara marafiki 12 walikataliwa kwenye Puja ya tajiri, wakachangishana wakafanya yao. Ndiyo asili ya neno barowari, la marafiki kumi na wawili. Leo kila mtaa una kamati, michango na pandali, yaani banda la mianzi na vitambaa ambalo linaweza kuwa nakala ya hekalu, ya treni, au fumbo la msanii kuhusu uhaba wa maji. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu ya ubunifu huu wa mitaani.

Usijaribu kuona zote. Usiku mmoja upe kaskazini: Bagbazar kwa sanamu ya kizamani yenye mapambo ya daker saaj, Kumartuli Park, na College Square ambako taa huakisiwa kwenye bwawa. Usiku mwingine upe kusini, na humo jiwekee saa nzima ya kukaa tu kwenye nyasi za Maddox Square kupiga soga, kama wenyeji. Nenda kabla ya saa kumi na mbili jioni au baada ya saa tisa usiku, ndipo foleni hupungua.

Hatua ya sita: zipitie siku zenyewe

Shashthi, siku ya sita tangu mwezi mwandamo na ya kwanza kati ya zile tano kuu, jioni, uso wa Durga hufunuliwa. Sikiliza ngoma ya dhak, pipa refu lililopambwa manyoya, linalobebwa begani na kupigwa kwa vijiti viwili. Wapigaji hutoka vijijini na kukusanyika stesheni ya Sealdah wakipiga kwa zamu ili kamati ziwachague na kuwaajiri. Na usikie wanawake: wanapiga vigelegele, vilevile vyetu. Nilipovisikia mara ya kwanza niligeuka kutafuta aliyetoka Pwani.

Saptami, siku ya saba, inaanza kabla ya jua kupanda vizuri. Mgomba mchanga, uliofungwa pamoja na matawi ya mimea mingine minane, miongoni mwake mpunga, manjano, magimbi na mkomamanga, hupelekwa mtoni kuogeshwa, kisha huvishwa sari nyeupe yenye ukingo mwekundu na kusimamishwa karibu na Ganesh. Watu humwita Kola Bou, bibi mgomba, na watoto huambiwa ni mke wa Ganesh. Sivyo. Ile mimea tisa ni Durga mwenyewe, sura yake ya mkulima, pengine ya kale kuliko simba na mikuki.

Kisha kuna jambo wageni wengi huwa hawalioni hata wakilitazama. Mungu anapaswa kuogeshwa, lakini sanamu ya udongo ukiimwagia maji inayeyuka. Kwa hiyo kuhani huweka kioo mbele yake, na maji humwagwa juu ya taswira iliyo ndani ya kioo. Siku hiyohiyo hufanywa ibada ya kuialika pumzi ya uhai iingie katika sanamu. Mbele kuna mtungi wa maji wenye majani ya mwembe na dafu juu yake, nao pia ni makao ya mungu. Kuanzia hapo, kwa waumini, udongo ule si udongo.

Ashtami, siku ya nane, ndiyo siku ya kila mtu kwenda kutoa maua, pushpanjali. Utaratibu ni rahisi: watu hufika wakiwa hawajala, wameoga, wamevaa nguo mpya. Wanapewa maua na majani mkononi, kuhani anatamka maneno kwa mafungu, nao wanarudia, kisha maua hutupwa kuelekea sanamu. Hufanyika mara tatu. Kama dini yako haikuruhusu kushiriki, simama nyuma au pembeni bila viatu, ukae kimya. Hakuna atakayekuuliza. Ukipewa prasad, chakula kilichotolewa kwa mungu, hupokelewa kwa mkono wa kulia. Usipotaka, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu. Nimeona Waislamu na Wakristo wakifanya hivyo, na mwenye sinia akapita bila kinyongo.

Huko Belur Math, makao ya watawa wa Kihindu ng'ambo ya mto, siku hii msichana mdogo huketishwa kitini na kuabudiwa kama mungu mwenyewe. Desturi hiyo ilianzishwa hapo na Swami Vivekananda mwaka 1901. Umati ni mkubwa, kwa hiyo ukitaka kuona ondoka kungali giza.

Ukibahatika na ibada moja tu kati ya zote, iwe Sandhi Puja. Ni dakika 48, yaani 24 za mwisho za siku ya nane na 24 za kwanza za siku ya tisa, na kwa kuwa siku za sikukuu huhesabiwa kwa mwendo wa mwezi angani, yaweza kuangukia mchana au usiku wa manane. Uliza saa kamili kwenye kamati. Huwashwa taa 108 za mafuta na kutolewa mayungiyungi 108, ile hesabu ya Rama. Ndiyo dakika ambazo, kwa masimulizi, Durga aligeuka Chamunda, sura yake ya kutisha, akawaua majitu Chanda na Munda. Ngoma inapanda, moshi unapanda, huoni tena sanamu ila macho.

Navami, siku ya tisa, ni ya kula na kucheza. Adhuhuri mitaa hugawa bhog: wali uliopikwa pamoja na choroko, mchuzi mzito wa mboga, chatne ya nyanya, na wali wa maziwa. Nyumba nyingine siku hii hupika nyama ya mbuzi bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, na ni tamu kuliko inavyosikika. Jioni kuna ngoma ya dhunuchi. Dhunuchi ni chetezo hasa, kama kile cha udi, ila kikubwa, cha udongo, kimejaa makumbi ya nazi yanayowaka na ubani. Wachezaji hukishika mikononi, wengine kwa meno. Simama upande ambao upepo unatoka, la sivyo utalia kabla ya siku ya kulia.

Hatua ya saba: msindikize

Asubuhi ya Dashami, siku ya kumi na ya mwisho, kuhani hurudi kwenye kile kioo. Hukitia ndani ya chombo cha maji, na kwa tendo hilo mungu anaagwa. Pumzi iliyoalikwa imeachiliwa. Kwa hiyo, kwa mtazamo wa ibada, kinachopelekwa mtoni baadaye ni udongo tena, ingawa ukiwatazama watu huwezi kusema hivyo.

Kisha wanawake walioolewa hupanda jukwaani mmoja mmoja. Kwa majani ya tambuu humpangusa Durga mashavu, kama unavyompangusa machozi mtu anayesafiri. Humgusisha mdomoni halua na vitamutamu, humpaka unga mwekundu kwenye paji la uso, na humnong'oneza sikioni arudi mwakani. Halafu hugeukiana, wakapakana unga ule mashavuni wakicheka na wengine wakilia. Hiyo ni sindur khela. Kwa muda mrefu wajane walitengwa nayo, na siku hizi baadhi ya mitaa imeanza kuwakaribisha. Ukiwa karibu nguo yako itapata wekundu usiotoka, kwa hiyo vaa ya zamani.

Mchana malori hupakia. Nenda Babughat, kwenye ngazi za mto, mapema, tafuta ngazi ya juu, usishuke kwenye tope. Sanamu huzungushwa, mara nyingi mara saba, kisha husukumwa majini kwa sauti ya "asche bochhor abar hobe", mwakani tena. Zamani familia ya Sovabazar ilikuwa ikimwachia ndege aitwaye nilkantha aruke mbele kumpelekea Shiva habari kwamba mkewe yuko njiani. Sheria ya wanyamapori ilipokataza kumkamata ndege huyo, wakaanza kutumia wa udongo. Tazama pia upande wa kulia na kushoto wa sanamu: manispaa ina winchi na vijana wa kuvuta mabaki, kwa sababu rangi huuchafua mto na suala hilo limezua kelele nyingi. Fremu za mianzi nazo huopolewa zikauzwe tena.

Usiku huo usirudi moja kwa moja kulala. Watu wakitoka mtoni hunyunyiziwa maji ya amani kutoka kwenye mtungi, kisha wanaume hukumbatiana mara tatu, na wadogo huinama kugusa miguu ya wakubwa. Shikamoo yetu, inavyosemwa, ilianza kwa maana ya kushika miguu. Wao bado wanaishika. Ukiwa mgeni wa mtu, mwinamie mzee wa nyumba, atakuwekea mkono kichwani na kukulisha kitu kitamu, na hupaswi kukataa mara ya pili.

Halafu pita kwenye pandali ya mtaa wako kabla ya kulala. Taa za rangi zimezimwa, viti vimepangwa juu kwa juu, mbwa amejilaza kwenye zulia. Pale jukwaani aliposimama Durga wameacha taa moja ndogo ya mafuta, inawaka peke yake.